Kahawia, ana kikwaru mguuni, yuko chini ya shina la mpunga: huyu ni Nilaparvata lugens. Anayebisha abishe kwa viungo

#1 Mtaro_wa_Tatu (Ubaruku)
Kamwene wakuu. Kuna wadudu kwenye mbegu ya mpunga ya SARO 5 huku, mpunga una siku 50 tangu kupandikizwa. Wamekaa chini kabisa, sentimita 5 hadi 10 juu ya maji. Ukigusa shina wanazunguka kwanza upande wa pili, ukigusa tena ndiyo wanaruka, na wanaruka kwa kando. Milimita 3 hivi, rangi kahawia. Wengine mabawa yamepita mwisho wa tumbo, wengine yameishia katikati. Mwisho wa muundi wa mguu wa nyuma kuna kitu kimetoka kama kikwaru cha jogoo.

Shambani kuna mabaka mawili ya manjano, kila moja upana wa chumba.

Hesabu yangu: kahawia + mpunga + kikwaru = Nilaparvata lugens, yule anayeunguza mpunga wa Asia. Picha nne ziko chini. Anayebisha aje na viungo vya mwili.

#2 LenziKumi (Uyole)
Nabisha nusu. Kikwaru umekiona vizuri na ndicho chenye thamani kuliko vyote ulivyoandika. Lakini kikwaru kinakufikisha kwenye familia ya Delphacidae, basi. Familia hiyo ina zaidi ya spishi 2,000 duniani. "Kahawia" haikusogezi popote, kwa sababu nusu ya familia ni kahawia, na spishi moja inaweza kuwa na wa rangi nyepesi na wa rangi nzito shamba moja, siku moja.

Rudi mwanzo, kwenye kichwa. Mgeuze mdudu ubavu. Plantihopa, yaani kundi hili lenye Delphacidae, kipapasio chake kinatoka shavuni, chini ya jicho. Lifuhopa, mdudu mwingine mdogo wa kufyonza na kuruka, kipapasio chake kinatoka usoni, kati ya macho mawili. Hiyo tu inamaliza ugomvi mwingi. Halafu tazama kipapasio chenyewe: pingili ya pili imevimba kama ushanga na ina vidoa vya hisia, kisha unafuata unywele mwembamba.

Pale bawa la mbele linapoungana na mwili, plantihopa ana kigamba kidogo cha mviringo kinachofunika maungio, kinaitwa tegula. Lifuhopa hana. Kwenye bawa hilohilo, karibu na mgongo, kuna mishipa miwili inayoungana na kuwa herufi Y. Na ukimlaza chali, miguu ya kati imeachana sana pale inapotokea kifuani, na koksa zake (pingili za kwanza za mguu) ni ndefu. Za lifuhopa ni fupi na zimesogeleana.

Ukimaliza hayo ndipo uende kwenye kikwaru.

#3 Ipinda_Chini (Kyela)
Ndaga fijo LenziKumi. Ila kuna njia fupi kuliko hiyo. Muundi wa nyuma wa lifuhopa una safu za miiba mingi, umejipanga kama meno ya kitana urefu wote. Plantihopa ana miiba miwili mitatu tu pembeni, na taji la miiba mwishoni. Unaona kwa lenzi ya mkono ya mara 10, dakika moja. Kipapasio cha nini?

#4 Mtunza_Sampuli (Iringa mjini)
Ipinda_Chini, njia hiyo ndiyo inayojaza masanduku ya sampuli wadudu wa povu walioandikwa "plantihopa". Mdudu wa povu, yule ambaye tunutu wake (mtoto asiyekomaa) anakaa ndani ya mate meupe kwenye nyasi, naye ana muundi wa nyuma wenye mwiba mmoja au miwili minene na taji mwishoni. Miiba michache inakwambia kwamba si lifuhopa. Haikwambii kwamba ni plantihopa. Kipapasio kinakwambia: cha mdudu wa povu kiko kati ya macho.

#5 Ipinda_Chini
Hapo umenipata. Nyasi za kando ya mifereji ya Kyela zina povu tele kipindi cha mvua, kwa hiyo wote wawili wanaingia kwenye wavu mmoja. Nakubali, kipapasio kwanza.

#6 Mtaro_wa_Tatu
Nimekagua saba. Kipapasio chini ya jicho kwa wote. Y ipo kwa wale wa mabawa marefu. Kwa wa mabawa mafupi siioni vizuri. Tegula ipo. Kikwaru kipo, bapa kama jani, ukingo mmoja una meno madogo madogo. Sasa mnataka nini tena?

#7 LenziKumi
Meno kwenye kikwaru ni habari nzuri. Kuna Delphacidae wa matawi ya zamani ambao kikwaru chao ni kinene kama mwiba, hakina meno. Chako ni bapa na kina meno, kwa hiyo hao tumewatoa.

Sasa jenasi. Nilaparvata ana alama moja ambayo jenasi jirani hazina: wayo wa nyuma una pingili tatu, na pingili ya kwanza, ile ndefu inayoungana na muundi, ina miiba midogo PEMBENI, kwa kawaida mmoja hadi mitatu. Usichanganye na miiba ya MWISHONI mwa pingili hiyo, ambayo Delphacidae wote wanayo. Unatafuta mwiba uliosimama kwenye ubavu wa pingili, umbali kidogo kutoka mwisho.

Lenzi ya mkono haitoshi. Unahitaji hadubini ya mara 40 angalau, na mguu ulale ubavu. Shida ni kwamba ndani ya spiriti mguu unaelea na kugeuka. Chukua jeli ya kunawia mikono, ile safi isiyo na viputo, weka tone kwenye kisahani, zamisha mdudu, mgeuze kwa pini mbili mpaka mguu ukae unavyotaka, halafu jazia spiriti juu polepole. Jeli inamshika. Ukimaliza unaosha kwa maji, haiharibu kitu.

#8 Mtunza_Sampuli
Naongezea: hata ukiuona huo mwiba bado huna lugens. Una Nilaparvata. N. lugens alielezwa na Stål mwaka 1854 kutoka Java, na eneo lake linalojulikana ni Asia ya Kusini, Kusini-Mashariki na Mashariki, visiwa vya Pasifiki na Australia. Afrika tunaye N. maeander, aliyepewa jina na Fennah mwaka 1958. Kwa macho ya kawaida wanafanana mno. Mtu akitangaza lugens Mbarali anatangaza mdudu mgeni nchini, na hilo linakwenda TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na sampuli mkononi. Picha ya simu haitoshi.

#9 MtegoWaTaa (Rujewa)
Wakuu, mtego wa taa huku Rujewa unaleta wa aina nyingine kabisa: mwembamba, mstari mweupe kuanzia utosini, unapita kifuani hadi kwenye pembetatu ya mgongoni, pembeni ni mweusi. Hakuna hata mmoja wa mabawa mafupi. Nadhani Mtaro_wa_Tatu anachanganya wawili.

#10 LenziKumi
Huyo mwenye mstari mweupe na utosi mwembamba uliochomoza mbele ya macho anaelekea Sogatella. Nasema "anaelekea" kwa sababu Tagosodes naye ana mstari kama huo. Na Sogatella wenyewe ni kadhaa Afrika: S. kolophon, S. nigeriensis, S. vibix. S. furcifera, maarufu wa Asia, naye ana mgongo mweupe hivyohivyo. Mstari haukumalizii kazi.

Kuhusu mabawa mafupi: mtego wa taa hauwezi kukuletea, hawaruki angani. Ukihesabu kwa taa peke yake utadhani shamba halina wazaliwa wa hapohapo, kumbe wamejaa chini ya shina. Njia ya kuwapata: sahani nyeupe au beseni lenye maji na matone mawili ya sabuni, liegemeze kwenye shina, piga shina kwa kiganja mara tatu. Fanya mashina 20 kwa mshazari wa shamba, andika idadi kwa kila shina.

#11 Dada_Pawaga (Iringa vijijini)
Swali la pembeni. Spishi moja, shamba moja, kwa nini wengine mabawa marefu na wengine mafupi?

#12 MtegoWaTaa
Msongamano. Tunutu wakibanana shinani wanatoka wa mabawa marefu ili wahame.

#13 Ipinda_Chini
Msongamano ni nusu ya maelezo. Mpunga wenyewe ukianza kukomaa, hata wakiwa wachache, wa mabawa marefu wanaongezeka. Utomvu umebadilika.

#14 Mtunza_Sampuli
Mwaka 2015 watafiti wa China walionyesha kwa N. lugens kwamba vipokezi viwili vya insulini ndivyo vinavyogeuza swichi: kimoja kikifanya kazi bawa linarefuka, kingine kinalizuia. Kwa hiyo msongamano na chakula vinaweza kuwa vyote vinaingilia mlango huohuo. Ila huyo ni lugens wa Asia, sitaki kumvisha kila Delphacidae wa Usangu koti lake.

#15 Mbuga_ya_Kapunga
Mnabishana na miguu wakati mabaka ya manjano yako palepale. Mimi nauliza: hao wadudu ndio wenye hatia? Sehemu hizo za Usangu zina ardhi yenye magadi. Mpunga unadumaa na kupauka kwa mabaka kila msimu mahali palepale. Mtaro_wa_Tatu, mabaka hayo yalikuwepo msimu uliopita?

#16 Dada_Pawaga
Au kimyanga. Tazama majani machanga: michirizi ya manjano na kijani inayofuata urefu wa jani, shina limedumaa, suke linatoka nusu. Hicho ni kirusi cha mpunga na kinaenezwa na hawa wadudu wanaofyonza.

#17 Mtunza_Sampuli
Dada_Pawaga, dalili umezitaja sawa, msambazaji siyo. Kirusi cha manjano cha mpunga, kilichoripotiwa kwanza Kenya mwaka 1966, kinaenezwa na mbawakawa wanaotafuna majani, wakiwemo wale wadogo wanaoruka kama kiroboto na wale wenye miiba mgongoni. Pia kinapita kwenye mikono wakati wa kupandikiza, kwenye mundu, hata kwenye midomo ya ng'ombe. Plantihopa anafyonza, hatafuni. Wapo plantihopa wanaobeba virusi vingine vya mpunga kule Asia na Amerika, lakini siyo hiki.

#18 Dada_Pawaga
Asante kaka, nimesahihishika.

#19 MtegoWaTaa
Bado sijaondoa wadudu kwenye kesi. Kuungua kwa plantihopa kuna sura yake: baka la mviringo, linaanza na shina moja mawili katikati na kupanuka nje, majani ya chini yanatangulia kukauka, na chini ya shina kuna majimaji matamu yaliyoota ukungu mweusi kama masizi. Pitisha kidole kwenye ala ya jani. Kikinata na kutoka cheusi, wadudu walikuwepo wengi kwa muda.

#20 Mtaro_wa_Tatu
Kidole hakinati. Baka moja lilikuwepo msimu uliopita, lingine jipya. Sasa mmenichanganya zaidi.

#21 Mbuga_ya_Kapunga
La zamani magadi, jipya sijui. Tazama kama majani ya chini yana vidoa vya rangi ya kutu kuanzia nchani. Kama vipo, ni chuma kimezidi, maji yamesimama muda mrefu. Toa maji siku 5 uone.

#22 Shamba_la_Vwawa (Mbozi)
Habari za humu. Huku tunalima mahindi. Kwenye moyo wa mhindi kuna wadudu wa manjano-kahawia, mabawa maangavu yenye doa jeusi kuelekea ncha, sisimizi wanapanda na kushuka. Ni hawa wanaoeneza ugonjwa wa milia ya mahindi?

#23 LenziKumi
Shamba_la_Vwawa, sisimizi, moyo wa mhindi, bawa angavu lenye alama nyeusi: tafuta kikwaru. Kikiwepo, mshukiwa wa kwanza ni Peregrinus maidis, aliyepewa jina na Ashmead mwaka 1890. Jike anapenyeza mayai ndani ya mshipa mkuu wa jani, kwa hiyo chana mshipa huo kwa wembe kwa urefu, utaona mayai meupe yaliyopinda kidogo.

Msambazaji wa milia ni mwingine, Cicadulina mbila, na huyo ni lifuhopa. Milimita 3, mwembamba, manjano, vidoa viwili vya duara vyeusi mbele ya kichwa, muundi wa kitana. Wawili hao ni rahisi kuwatenganisha kuliko wote mliowataja. Peregrinus naye anabeba virusi vya mahindi, lakini vyake ni vile vya mozaiki na vya mchirizi mpana. Milia si mzigo wake.

#24 Mtunza_Sampuli
Na kazi ya Cicadulina imefanyika hapahapa nchini, wengi hawajui. H. H. Storey, akiwa Amani kule Tanga, alionyesha miaka ya 1930 kwamba si kila Cicadulina mbila anaweza kueneza milia. Uwezo huo unarithiwa, na umefungamana na jinsia. Tena akatoboa utumbo wa wale wasioweza kwa sindano nyembamba, wakaanza kueneza. Yaani kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Kwa hiyo hata ukimtambua mdudu sawasawa mpaka spishi, hujajua kama huyo uliyemshika ana hatari.

#25 Karanga_Makongolosi (Chunya)
Mmetaja sisimizi, nami nina swali la karanga. Mmea unanyauka ghafla jua likiwa kali na udongo una unyevu. Ukiung'oa, kwenye shina chini ya udongo na kwenye maganda kuna wadudu wa kijani na wengine kahawia wenye mabaka meupe bawani, kama milimita 5, sisimizi weusi wamewazunguka. Nimetafuta kikwaru kama mlivyosema, hakipo. Basi si plantihopa?

#26 LenziKumi
Ni plantihopa! Na hapa ndipo watu wanapokosea: kikwaru ni cha Delphacidae tu, si cha plantihopa wote. Huyo kwa maelezo yako ni Hilda patruelis, familia ya Tettigometridae. Mayai yake marefu ya rangi ya fedha yamepangwa kwenye shina na vishikizo vya karanga. Sisimizi ndio wanaomchimbia njia na kumlinda, nao wanalamba utamu wake. Ukiona sisimizi wamechimba tundu kwenye shina la karanga iliyo hai bado, fukua hapo, usisubiri inyauke.

#27 Karanga_Makongolosi
Shukrani. Mayai ya fedha nimeyaona, nilidhani ni ya sisimizi.

#28 Ipinda_Chini
Basi wakuu tupeni mgawanyo wa familia zote, maana tunaruka kutoka mpunga kwenda karanga bila ramani.

#29 Mtunza_Sampuli
Ramani ya haraka iko kwenye wayo wa nyuma, pingili ya PILI (LenziKumi alisema ya kwanza, ile ilikuwa ya jenasi). Pindua wayo utazame mwisho wake kwa chini.

Mwisho wa pingili ya pili ukiwa na safu ya miiba, uko upande wa Delphacidae, Cixiidae, Derbidae, Meenoplidae, Achilidae, Dictyopharidae na Fulgoridae. Ukiwa na miiba miwili tu, mmoja kila pembe, au hauna kabisa, uko upande wa Flatidae, Ricaniidae, Issidae, Tropiduchidae na wenzao.

Upande wa kwanza: kikwaru, Delphacidae. Hakuna kikwaru, ana vijicho vitatu (viwili pembeni na kimoja katikati ya uso) na mishipa ya bawa ina vichunusi vyenye nywele, Cixiidae. Tunutu wa hao wanakaa ardhini kwenye mizizi, ndiyo maana hamuwaoni. Mdomo wa kufyonza ukiwa na pingili ya mwisho fupi, urefu sawa na upana, Derbidae. Kichwa kimechomoza kama pua ndefu, fikiria Dictyopharidae au Fulgoridae, halafu fungua bawa la nyuma: Fulgoridae ana wavu wa mishipa midogo mpaka kwenye pembe ya ndani ya bawa.

Upande wa pili: mabawa yamesimama kama paa la nyumba, ukingo wa mbele una vimishipa vingi vya kukingama, sehemu ya bawa la mbele iliyo karibu na mgongo (klavasi) ina chembechembe kama mchanga, Flatidae. Mabawa mapana ya pembetatu yamelazwa kama nondo, Ricaniidae. Kibonge kama mbawakawa, Issidae.

Ramani hii ina mashimo. Tettigometridae wa Karanga_Makongolosi mtambue kwa umbo na mazingira kwanza.

#30 Migomba_Tukuyu
Huyo wa Derbidae ndiye aliyepo chini ya majani ya migomba huku? Mwili mdogo, mabawa marefu kupita kiasi, anakaa kwa vikundi. Nilisoma kwamba huyo anaua minazi Pwani.

#31 Mtunza_Sampuli
Kwa umbo ndiyo, Derbidae waliokomaa wanapenda migomba na minazi, tunutu wao wanakula ukungu kwenye magogo yanayooza. Habari ya minazi ieleze kwa uangalifu: mwaka 2000 ilichapishwa kwamba vinasaba vya fitoplazma (kimelea kidogo kama bakteria) ya ugonjwa wa minazi vilipatikana ndani ya Diostrombus mkurangai, ambaye ni Derbidae, na ndani ya Meenoplus. Kupatikana ndani ya mdudu ni kwamba amefyonza mnazi mgonjwa. Kuthibitisha anaeneza unahitaji kumweka kwenye mnazi mzima na kuona ukiugua. Ni mambo mawili.

#32 Shamba_la_Vwawa
Jamani, na yule mwenye gia miguuni? Niliona video.

#33 MtegoWaTaa
Issus coleoptratus, wa Ulaya. Tunutu wake wana meno ya gia kwenye maungio ya juu ya miguu ya nyuma, yanashikana ili miguu yote iruke kwa wakati mmoja. Ilichapishwa 2013. Akijivua gamba mara ya mwisho, gia zinapotea. Turudi Ubaruku.

#34 Mtaro_wa_Tatu
Turudi kweli. Nimefanya ya jeli. Kati ya 14: tisa wana mwiba pembeni mwa pingili ya kwanza ya wayo, mmoja au miwili. Watano hawana. Wale watano, watatu wana mstari mweupe.

#35 LenziKumi
Kazi nzuri sana hiyo. Basi una Nilaparvata, na una Sogatella au jamaa yake, shamba moja. MtegoWaTaa alikuwa sahihi kwenye #9. Wawili waliobaki wasio na mwiba wala mstari, angalia kama ni tunutu. Tunutu wana vifuko vya mabawa tu, na wengi wanawahesabu kama wakubwa wa mabawa mafupi. Mkubwa wa mabawa mafupi ana mishipa kwenye bawa lake na sehemu za uzazi zimekamilika, tunutu hana.

Sasa spishi, na hapa ni dume peke yake. Jike tazama chini ya tumbo: ana upanga wa kutagia umelala kwenye mfereji. Dume mwisho wa tumbo ni kama kikombe kimefunguka nyuma, ndani yake kuna vishikio viwili. Chagua madume.

Kata tumbo pale linapoungana na kifua, kwa pini mbili. Mwili uliobaki usiutupe. Tumbo liweke kwenye KOH (potasiamu haidroksaidi) ya asilimia 10, gramu 10 kwenye maji ya kufikia mililita 100. Baridi, liache usiku mmoja. Ukitaka haraka, tumbukiza kichupa kwenye kikombe cha maji ya moto, dakika 5 hadi 10, huku ukitazama. Likianza kupitisha mwanga, toa. Osha kwa maji, kisha maji yenye tone la siki, kisha maji tena. Hamishia kwenye glisirini, tazama nyuma, ubavuni na chini, chora au piga picha zote tatu. Mwisho, tumbo linaingia kwenye kichupa kidogo chenye glisirini, linachomwa kwenye pini ileile ya mwili wake.

#36 Ipinda_Chini
KOH haipatikani kirahisi. Kostiki soda ya sabuni je?

#37 Mtunza_Sampuli
Inafanya kazi, asilimia 10 vilevile. Mambo yanayoharibu kazi hii: kuchemsha moja kwa moja juu ya moto (viputo vinapasua tumbo), kusahau (linakuwa kioo, hata vishikio havionekani), na kutoosha (KOH inaendelea kula ndani ya glisirini, baada ya miezi huna kitu). Vaa glovu na linda macho, haina mzaha.

Kingine muhimu: kabla ya kukata, tazama ubavu wa tumbo. Ukiona kifuko cheusi kama punje ya ufuta kimening'inia, hicho ni cha buu la nyigu wa Dryinidae. Ukiona kichwa kidogo cha kahawia kimechungulia kati ya magamba ya tumbo, ni Strepsiptera, mdudu kimelea anayeishi ndani ya mwili wa mdudu mwingine. Dume mwenye Strepsiptera sehemu zake za uzazi zinadumaa au kupinda. Watu wamewahi kudhani ni spishi mpya. Weka pembeni, usimtumie kutambulisha.

#38 MtegoWaTaa
Mimi bado nasema tisa hao ni N. maeander, kwa sababu ndiye wa Afrika.

#39 Mtunza_Sampuli
Na mimi nasema "ndiye wa Afrika" si kiungo cha mwili. Kosa ni lilelile la #1, limegeuzwa tu. Kando ya mifereji kuna nyasi ya Leersia, na jenasi hii ina spishi zinazoishi juu yake badala ya mpunga. Mtaro_wa_Tatu, piga sahani kwenye Leersia pia, chupa tofauti.

#40 Mbuga_ya_Kapunga
Na mabaka?

#41 Mtaro_wa_Tatu
Nimetoa maji tangu juzi. Baka jipya majani yana vidoa vya kutu nchani, lakini pia nimepata mashina matatu yenye michirizi ile ya Dada_Pawaga. La zamani halijabadilika. Sahani: wastani wadudu 4 kwa shina ndani ya baka, 5 nje ya baka.

#42 Mbuga_ya_Kapunga
Nje wamezidi ndani. Wadudu wako huru kwa leo.

#43 MtegoWaTaa
Hawako huru. Shina likishakauka wanahamia bichi, ndiyo maana nje wengi. Hesabu ukingo wa baka, si katikati.

#44 LenziKumi
Mtaro_wa_Tatu, madume mangapi kati ya wale tisa?

#45 Mtaro_wa_Tatu
Manne. Mawili ya mabawa marefu, mawili mafupi. Mmoja wa mafupi ana kitu kimechungulia tumboni.

#46 LenziKumi
Huyo mweke peke yake. Watatu waliobaki wawili watie KOH, mmoja mwache mzima kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba; wengine wanakaa vizuri kwenye 80. Kabla hawajaingia kwenye spiriti piga picha za rangi, kijani na manjano hubadilika. Lebo kwa penseli, ndani ya chupa, si nje: Tanzania, Mbeya, Mbarali, Ubaruku, mwinuko, nukta za GPS, tarehe, mmea, namna ya kukamata, jina la mkamataji. Andika "mpunga SARO 5, sahani" au "Leersia, sahani". Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka.

#47 Mtaro_wa_Tatu
Leersia nakwenda kesho asubuhi kabla upepo haujaanza. KOH usiku. Picha tatu za kila dume nitaweka hapahapa.

#48 Ipinda_Chini
Weka na ya ubavuni kwa mbali, tuone kikombe chote. Nami naleta wa Kyela tulinganishe.